Wake Kumi na Mmoja wa Senkondo

Mume wangu Abednego si mtu mbaya. Naanza na hilo kabisa, maana nikishaanza kuyasema mengine sitapata tena nafasi ya kumsifu. Halewi. Jumapili anaimba besi kwenye kwaya ya usharika hapa Same. Tangu tuoane hajaniinulia mkono. Kasoro yake ni moja tu: akiingiwa na jambo kichwani, nyumba inaweza kuungua naye yumo ndani anauliza mbona leo kuna joto.

Alikuwa karani wa stoo kwenye shamba la mkonge huko bondeni kwa miaka tisa. Mashamba yakaanza kufungwa, na mwaka wa tisini na mbili naye akapunguzwa. Wenzake walipanda treni wakarudi kwao Kigoma na Singida. Yeye alirudi kwangu na baiskeli, barua ya shukrani, na mzigo mzima wa kamba za katani, eti zawadi ya kuagwa. Kamba hizo mpaka leo naanikia nguo.

Ndizo zile enzi za ruksa. Maduka yamejaa sabuni za kila rangi, sisi tunasimama mlangoni tunanusa. Mimi nikaanza kukaanga karanga na kuziuza stendi, mabasi ya Arusha yanaposimama watu wanyooshe miguu. Karanga hazina shida, shida ni karatasi ya kufungia. Karatasi zilikuwa adimu jamani, mpaka daftari la mtoto likiisha nalificha kama sukari. Hilo la karatasi lishikeni, nitalirudia, ingawa sipendi.

Abednego akapata kazi kwenye mradi wa maji. Ofisi ilikuwa vyumba viwili, na ndani yake kulikuwa na kompyuta, zawadi ya wafadhili, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi harusi. Hakuna aliyeijua. Kijana mmoja Mzungu wa kujitolea alikuwa akiigusagusa, alipoondoka akaacha kitabu kinene cha kufundisha lugha ya kompyuta iitwayo C. Nikamuuliza mume wangu C ni kifupi cha nini. Akasema si kifupi cha kitu, ni C basi. Nikajua hapo tumeshapata mgeni wa kudumu.

Kitabu kile alilala nacho. Alikwenda nacho chooni. Siku moja kwenye sala ya chakula alipofika mwisho, badala ya amina akasema nukta mkato. Kumbe kwenye lugha hiyo kila sentensi inaishia hivyo. Watoto walicheka mpaka uji ukawatoka puani.

Sasa, kwetu mlimani, juu ya Makanya, tuna ndiva. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo walilolijenga babu zetu. Maji ya mfereji hujaa humo usiku, mchana yanafunguliwa, kila kaya inapata zamu yake, siku yake na saa yake. Mfereji wetu unaitwa Senkondo, kwa jina la mzee aliyeuchimba kabla Mjerumani hajaiona Pare. Mwenyekiti wa ndiva wakati huo alikuwa Mzee Melkizedeki, na zamu zote alikuwa nazo kichwani. Mradi ukasema kichwani hapatoshi, ziingie kwenye kompyuta.

Abednego alifurahi kama kapewa ng'ombe. Akanieleza, nami nakaanga karanga, nikiwa sina pa kukimbilia. Kila mtu anaandikiwa mstari mmoja. Mambo yake yanatenganishwa kwa alama ya mkato: jina, mkato, mume au mke, mkato, mfereji, mkato, zao, mkato, siku, mkato, saa. Kisha ndani ya lugha ya C kuna chombo kimeshatengenezwa tayari, kinaitwa strtok. Yeye alikiita panga. Unalipelekea panga mstari, unaliambia likate penye mkato, nalo linakuletea kipande kimoja kimoja kwa mpangilio. Kipande cha kwanza jina, cha pili mwenzi, cha tatu mfereji, hivyo hivyo mpaka saa.

"Kurasa za kulieleza zimeng'oka katikati," akasema, "lakini nusu ya maelezo ipo. Nimelijaribu kwa jina langu na lako, linakata vizuri mno."

Mimi nikageuza karanga.

Orodha ikatoka kwenye printa, inalia kriii kriii, ofisi nzima imesimama kutazama. Ikapelekwa mlimani kwa Landrova. Mzee Melkizedeki akaipokea kwa mikono miwili, akaibandika kwenye mlango wa ghala, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo maji yanafuata karatasi. Daftari lake la zamani akampa mjukuu achoree.

Baada ya wiki moja na nusu, Jumanne saa tatu asubuhi, mama yangu akashuka Same.

Mama anaitwa Rogathe. Ni mjane, mfupi, mwembamba, na maneno yake yanaweza kumenya viazi. Tena ni mtu wa zamani. Kwake mkwe wa kiume ni mtu wa heshima, haongei naye uso kwa uso, hali naye, hakai naye benchi moja. Miaka kumi na mmoja nimeolewa, hajawahi kumwambia Abednego neno lolote moja kwa moja. Yote yanapitia kwangu, hata tukiwa watatu chumbani. Nimekuwa posta.

Alinikuta nyumbani, akanishika mkono bila salamu, tukaenda mradini. Akaketi kwenye kizingiti cha ofisi, mgongo kwa kompyuta, uso barabarani. Akatoa karatasi kwenye kanga.

"Mwambie mkwe wangu," akaniambia, "amenioza lini?"

Abednego alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Akasimama. "Shikamoo mama."

"Mwambie marahaba. Tena mwambie harusi yangu na Senkondo ilikuwa lini, maana mimi sikualikwa."

Nikaichukua karatasi. Ilikuwa ile ya mwisho ya orodha, juu imeandikwa WENGINEO. Chini yake majina kumi na moja, wote wanawake. Mama alikuwa wa tatu. Jina: Rogathe. Mume: Senkondo. Mfereji: Mahindi. Zao: Alhamisi. Siku: Asubuhi. Saa: hamna kitu. Na wote kumi na mmoja mume wao ni Senkondo. Yule aliyekufa kabla ya Mjerumani!

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mama alinitazama tu, nami kicheko kikanikauka mdomoni.

"Mwambie Alhamisi iliyopita nilikwenda na jembe langu," akasema. "Melkizedeki akasoma karatasi ya Alhamisi, mimi simo. Akasoma zote saba, simo. Akanikuta huku nyuma. Akasema mashine imenipa siku ya Asubuhi. Nikamuuliza asubuhi ya lini? Akasema haikutaja, tusubiri itaje. Miaka thelathini na nne nafungulia maji Alhamisi asubuhi, leo nasubiri mashine itaje. Mahindi yanatoa mbelewele, Eliakunda. Majani yamejikunja. Nikikosa na Alhamisi hii nitafyeka mabua niwape mbuzi, halafu mwaka mzima nitakula nini?"

Hapo hakuna aliyecheka tena. Mahindi ya sokoni mwaka ule yalikuwa hayashikiki. Mama alikuwa na shamba lile moja, hana mtoto mwingine ila mimi, nami karanga zangu mnazijua.

Abednego aliketi mbele ya kompyuta. Akasema programu iko sawa, amekwisha kuipima. Mama akaniambia nimwambie kwamba kama iko sawa basi amtafutie Senkondo aje alime. Abednego akasema basi kosa litakuwa kwenye uandishi. Akafungua mstari wa mama, akausoma kwa sauti: Rogathe, mkato, mkato, Senkondo, mkato, Mahindi, mkato, Alhamisi, mkato, Asubuhi. Mstari ulikuwa sahihi kabisa. Akaupeleka kwenye panga, panga likaleta Senkondo kuwa mume. Akaurudia. Mume Senkondo. Akaurudia mara nane, kama mtu anayefungua kabati lile lile akitafuta chumvi. Saa sita umeme ukakatika. Ilikuwa miaka ya mgao, na sisi wa Same tulikuwa tunapewa asubuhi tu. Jumanne ikawa imekwisha hivyo.

Kuna njia nyepesi, Abednego akaniambia tukiwa nyumbani, naye mama yuko uani amegeukia banda la kuku. Mahali pale palipo wazi paandikwe kitu. Paandikwe jina la marehemu baba.

"Mwambie ng'o!" mama akasema kutoka uani. "Jina la Lugano likirudi kwenye karatasi, wadogo zake watasema zamu ni ya kaka yao, na mimi nitakuwa mgeni wao. Ndiyo maana mjane kwetu haandikishi mume. Melkizedeki anajua."

"Basi iandikwe Marehemu," Abednego akasema, akinitazama mimi.

"Mwambie sikuolewa na Marehemu. Niliolewa na Lugano. Na Redempta wa kwenye orodha je, ambaye hajaolewa kabisa, naye mtamzushia maiti?"

"Iandikwe Hayupo."

"Mwambie asiyekuwepo ni mtu aliyekwenda gulioni Makanya, jioni anarudi." Kisha akasema polepole, "Mwambie mahali pake paachwe patupu. Pako patupu, lakini ni pake."

Mnaniuliza wajane wa kiume nao je, mbona hawakuwemo kwenye WENGINEO? Kwetu hawapo. Mwanaume akifiwa hafikishi mavuno mawili bila kuoa tena.

Jumatano saa moja asubuhi tulikuwa ofisini wote watatu. Umeme mpaka saa sita. Landrova ya mlimani inaondoka saa nane. Karatasi ya kesho isipopanda na gari hilo, Melkizedeki atasoma ile ya zamani na mama atarudi na jembe lake kavu. Abednego hakuwa amegusa chai. Alikuwa anaukodolea macho mstari ule ule.

Mama, akiwa kizingitini, akageuza shingo kidogo, macho yake yakaona kioo. "Muulize hivyo vikwaruzo viwili vimebanana pale ni vya nini."

"Ni mikato, mama," Abednego akanijibu mimi. "Katikati yake ndipo pa mume. Hapana kitu."

"Na hilo panga lake likifika hapo linafanya nini?"

"Linakata."

"Linakata mara ngapi?"

Abednego akaanza kuihesabu mikato kwa ncha ya kalamu.

"Mwambie kuhusu mawe ya ndiva," mama akasema.

Basi nikamwambia, maana yeye ni mtu wa Ugweno, kaskazini huko, mkutano wa ndiva yetu hajawahi kuukalia. Kila mwenye zamu ana jiwe lake. Yamepangwa kuanzia mdomo wa bwawa, na maji yanafuata mawe: jiwe la kwanza zamu ya kwanza, la pili ya pili. Mtu asipokuja, jiwe lake halikaliwi. Linabaki wazi, na mwenyekiti akihesabu analihesabu. Nikiwa mdogo, mlevi mmoja alichelewa, akaona jiwe liko wazi, akakaa. Aliyemfuata akaona jiwe la mlevi liko wazi, naye akasogea. Safu nzima ikasogea. Wiki hiyo mwenye vitunguu alipata zamu ya mwenye mahindi, mwenye mahindi akapata ya mwenye maharage, na wa mwisho hakupata kabisa. Watu walishikana mashati mbele ya mchungaji.

Abednego alisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka.

"Linasogea!" akapiga kelele. "Halihesabu patupu! Likikuta mikato miwili imefuatana linaiona mmoja! Linaruka, linakwenda kumkalisha Senkondo kwenye jiwe la baba! Mfereji unasogea mbele, zao linasogea, siku inasogea, mwisho saa inakosa pa kukaa! Panga ni yule yule mlevi!"

"Mwambie ndiyo hivyo," mama akasema, akarudisha uso barabarani.

Sasa kuijua ni jambo moja, na kuitengeneza ni jambo lingine. Lile panga haliambiliki, akasema, ndivyo lilivyotengenezwa na wenyewe. Akalitoa lote. Akaanza kuandika programu yake kwa mkono, inayotembea kwenye mstari herufi moja baada ya nyingine. Ikikuta mkato inasimama, inafunga kipande, inakihesabu hata kama ndani hamna kitu, inaendelea. Ikifika mwisho wa mstari kipande cha mwisho nacho kinafungwa. Alikuwa anaandika huku anasema, nami nilikuwa napepea kompyuta kwa sinia, kwani feni yake ilikuwa imekufa tangu Pasaka. Saa tatu ikakataa. Amesahau nukta mkato, yeye aliyeitia mpaka kwenye sala! Saa nne ikakubali lakini ikawapa wanaume wote wake wa jirani, nikasema hiyo ifute haraka kabla haijatoka nje. Saa tano na nusu ikatulia. Rogathe, mume patupu, Senkondo, Mahindi, Alhamisi, Asubuhi.

Nililia kidogo. Sioni aibu kusema.

Akaweka karatasi kwenye printa, akabonyeza. Kriii kriii. Nikaangalia: JUMATATU. Mume wangu! Ana dakika ishirini na kitu za umeme, printa inakwenda mwendo wa kobe, naye anaanzia Jumatatu kwa sababu wiki inaanza Jumatatu. Na Jumatatu ina watu arobaini.

"Mwambie aanze na Alhamisi," mama akasema.

"Mama, utaratibu..."

"Mwambie!"

"Abednego," nikasema, "anza na Alhamisi, la sivyo leo utalala kwenye boksi la hiyo kompyuta."

Akaisimamisha, akaanza upya na Alhamisi. Mstari wa kwanza, wa pili. Utepe wa wino ulikuwa umechoka, maandishi yanatoka rangi ya majivu. Mstari wa ishirini na tatu, wa mwisho, ulikuwa umeshatoka na karatasi inasukumwa juu, ndipo umeme ukakatika. Abednego aliing'oa ile karatasi taratibu, kwa ncha za vidole.

Nilipanda nayo mwenyewe, nimeikunja ndani ya kitabu cha nyimbo, mama amekaa pembeni yangu ameshikilia kitabu na mimi nimeshikilia kitabu. Alhamisi alfajiri ilipokwisha kupambazuka tulikuwa ndivani. Watu wamekaa kwenye mawe yao. Mzee Melkizedeki akavaa miwani, akaitazama karatasi mbele na nyuma.

"Imetoka mashineni?"

"Imetoka mashineni."

Akaanza kusoma kwa sauti ya kanisani, kila kitu kama kilivyo, kwa sababu alikuwa amekwisha kuapa maji yanafuata karatasi. Jina, mke, mfereji, zao, siku, saa. Alipofika kwa mama akasema, "Rogathe. Mume." Akatafuta neno, halikuwepo. Hakuruka. Alinyamaza, kiasi cha jina moja kutamkwa, na watu wote wakanyamaza naye. Ndege tu na maji. Kisha akasema, "Senkondo. Mahindi. Alhamisi. Asubuhi."

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimsikia anasema "yupo" kwa sauti ndogo sana, nadhani hakujua kwamba amesema. Akainuka, akafuta macho kwa ncha ya kanga, akachukua jembe lake akaenda kufungua maji. Melkizedeki aliwanyamazia hivyo hivyo wale wajane wengine wa siku hiyo, na Redempta naye akanyamaziwa, akasema kwamba amependa.

Mahindi yalipona. Si yote, ya pembeni yalikuwa yameshaungua, lakini alivuna magunia manne na debe.

Mwezi wa saba mama akashuka Same na gunia moja, zawadi. Nikapika ugali na dagaa wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Nikamtengea mama uani kama kawaida, akakataa. Akaingia ndani. Akaketi kwenye mkeka, kando ya sinia moja na mkwe wake. Abednego akawa hajui mikono aiweke wapi. Wakala, hakuna anayesema, lakini nilimwona mama anamsogezea dagaa wakubwa.

Nikaona leo nyumba ina amani, leo ndiyo siku. Nikasema, "Baba Anaeli, zile kurasa za kitabu chako zilizong'oka..."

"Enhee?"

"Hazikung'oka. Nilizichana. Karatasi ya kufungia karanga ilikuwa imeniishia, na kitabu kilikuwa kinene, nikadhani katikati hapana maana sana."

Abednego akaweka tonge chini. "Kuanzia ukurasa gani?"

"Pale penye panga. Kurasa kumi na mbili. Basi la Arusha lilikuwa linaingia."

Alinitazama. Ndipo mama yangu mzazi, aliyenibeba mgongoni kuteremka na kupanda mlima ule, akamgeukia mume wangu, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu anioe.

"Mkwe wangu," akamwambia, yeye mwenyewe, bila kunituma, "huyu binti mimi simjui. Kula dagaa."